Sensa za upepo kwenye matairi ya trela la safari: kuzichagua, kuzifunga na kuzisoma ukiwa barabarani

Tairi la mbele la gari likiishiwa upepo, mikono huambiwa mara moja: usukani unavuta upande mmoja na gari linakuwa zito. Tairi la trela halimwambii dereva kitu. Trela la safari, lile lenye vitanda na jiko ndani, liko mita kadhaa nyuma yako na lina uzito wa tani mbili, tatu au zaidi. Kama lina ekseli mbili, tairi moja linaweza kuisha upepo kabisa huku jirani yake likibeba mzigo wote wa upande ule, na trela likaendelea kwenda kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara nyingi dereva hushtuka pale kipande cha tairi kinapoanza kuchapa madigadi, kukata waya za breki na taa, au kugonga mabomba yaliyo chini ya sakafu.

Sensa za upepo zinaziba pengo hilo. Tatizo ni kwamba wengi huzifunga, huacha mipangilio ya kiwandani ilivyo, kisha hukaa wakisubiri mlio. Mlio huja mwishoni. Faida kubwa ya sensa ni kwamba inakuwekea matairi yote mbele ya macho kwa wakati mmoja ili uyalinganishe, na tairi lenye shida hujitenga na wenzake mapema, wakati bado kuna muda wa kusimama kwa utulivu. Ukishika hilo moja, mengine yote hapa chini yatakaa mahali pake.

Taa ya dashibodi haihusiki na trela

Marekani ilipitisha sheria ya TREAD mwaka 2000, na kutokana nayo ikaja kanuni ya usalama wa magari ya FMVSS 138 inayotaka magari mepesi ya hadi kilo 4,536 yawe na mfumo wa kuonya upepo ukipungua. Kuanzia magari ya modeli ya 2008 ikawa lazima kwa yote ya kundi hilo. Trela halimo. Kwa hiyo ile taa ya njano ya kwenye dashibodi inazungumzia matairi ya gari la kuvuta peke yake, labda gari lako liwe ni mojawapo ya yale mapya yanayoweza kusajili sensa za trela.

Kuna jambo la pili katika kanuni hiyo. Onyo linatakiwa kutoka upepo unapokuwa umeshuka kwa asilimia 25 chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari. Kwa tairi la trela la psi 65 (psi ni pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha upepo), hiyo ni psi 49 hivi. Tairi lililobeba mzigo karibu na kikomo chake likifika hapo linakuwa limejikunja na kupata joto kwa muda mrefu. Usichukue kipimo hicho ukakipeleka kwenye trela.

Anza na mizani

Sensa itakuambia tairi lina psi ngapi. Haiwezi kukuambia zinatakiwa ngapi. Hilo linatoka kwenye uzito.

Pakia trela kama unavyosafiri nalo: maji kwenye tangi, mitungi ya gesi, vyombo, nguo, baiskeli. Lipeleke kwenye mizani ya magari ukapime mzigo wa kila ekseli, na mizani ikiruhusu, pima kila upande peke yake. Upande ndio unaowaumbua watu. Tuseme ekseli mbili zimebeba kilo 3,900 kwa jumla, na matairi ni ST225/75R15 ya daraja la mzigo D, ambayo kila moja hubeba takriban kilo 1,152 likiwa na psi 65. Ukigawa kwa nne unapata kilo 975 kwa tairi, akiba ya asilimia 15. Inapendeza. Lakini jiko, friji na tangi la maji vikiwa upande wa kushoto, upande huo unaweza kuwa na kilo 2,100, yaani 1,050 kwa kila tairi, na akiba imeshuka hadi asilimia 9. Matairi hayo mawili ndiyo utakayoyaangalia zaidi safari nzima.

Upepo sahihi umeandikwa kwenye kibandiko cha trela, mara nyingi karibu na mlango au upande wa mbele. Usishuke chini ya hapo. Matairi ya ST, yaani yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya trela, kwa kawaida hujazwa hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni: psi 50 kwa daraja C, 65 kwa daraja D, 80 kwa daraja E. Kiwango hicho ni cha tairi baridi. Ukibadilisha daraja la tairi, hakikisha rimu na valvu zinakubali upepo mkubwa zaidi. Rimu nazo zina kikomo, na kwa kawaida kimepigwa mhuri kwenye chuma.

Tazama na umri wa tairi. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya trela huzeeka kwa kukaa juani zaidi kuliko kwa kutembea, na kashata, ile mikato ya upande unaogusa barabara, zinaweza kuonekana mpya huku mpira wa ndani umechoka. Sensa haina namna ya kuona tabaka za tairi zinazoachana.

Maana halisi ya "baridi"

Tairi baridi ni tairi lililokaa angalau saa tatu bila kutembea na halijapigwa na jua. Baridi hapa si nambari fulani ya nyuzi. Ni tairi kuwa na joto lile lile la hewa iliyolizunguka.

Hapa ndipo mipangilio mingi inapoharibikia. Upepo hupanda na kushuka pamoja na joto, na kwenye matairi ya upepo mwingi kama haya mabadiliko ni makubwa kuliko ya gari dogo: psi 1.5 hivi kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi kwa tairi la psi 65, na karibu psi 1.8 kwa tairi la psi 80. Ukijaza psi 65 adhuhuri kukiwa na nyuzi 35, kesho alfajiri kwenye nyuzi 10 utakuta psi 58 au 59. Hakuna pancha. Umejaza wakati usiofaa tu. Jaza asubuhi, kabla ya jua kugusa matairi, siku ile ile ya kuondoka.

Sensa za kufunika valvu, za kupitisha upepo na za ndani

Sensa ya kufunika valvu huwekwa badala ya kile kifuniko kidogo. Ni nyepesi, gramu 10 hadi 15 hivi, na unaifunga mwenyewe bila kuvua tairi. Jua inavyofanya kazi: ikikazwa inaisukuma sindano ya valvu na kuifungua ili isome upepo wa ndani. Maana yake ni kwamba kuanzia dakika hiyo kinachozuia upepo usitoke ni oringi ndogo ya sensa, yaani pete ya mpira. Oringi ikichanika, sensa yenyewe inakuwa pancha. Ukitaka kuongeza upepo lazima uifungue kwanza.

Sensa ya kupitisha upepo ina mdomo wake wa kujazia, kwa hiyo unaongeza upepo bila kuitoa. Ni ndefu na nzito zaidi, na haifai kabisa kwenye valvu ya mpira.

Sensa ya ndani hukaa ndani ya rimu, ama imefungwa kwenye shina la valvu ama kwa mkanda wa chuma. Haigongwi na mawe wala haiibiwi, na inasoma joto la hewa iliyo ndani ya tairi hasa, jambo ambalo zile za nje haziwezi kwa usahihi. Betri yake imefungiwa na hudumu miaka 5 hadi 10. Ikiisha unatupa sensa nzima, na kila kazi ni ya kuvua tairi. Wakati mwafaka wa kuziweka ni siku unayonunua matairi mapya.

Maoni yetu: kwa trela linalotembea mara chache kwa mwaka, zile za kufunika valvu zenye betri unayoweza kubadilisha zinatosha, mradi ziwe kwenye shina la chuma. Kwa trela linaloishi barabarani, chagua za ndani.

Kwenye skrini, tafuta vitu hivi kabla ya rangi na mapambo: ionyeshe matairi yote bila kukulazimisha kubofya, ikubali kupanga kikomo tofauti kwa kila ekseli, iwe na onyo la uvujaji wa haraka, na ikuambie waziwazi sensa inapokuwa haisikiki. Skrini inayoendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyopokea, bila kusema kwamba ni ya zamani, ni ya hatari.

Valvu kwanza, sensa baadaye

Valvu za mpira za kuchomeka za kawaida zina kikomo cha psi 65. Zipo za upepo mkubwa, lakini bado ni mpira na bado hupinda. Sasa fikiria gurudumu la inchi 15 kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Linazunguka zaidi ya mara 12 kila sekunde, na kitu kilichopo kwenye valvu kinavutwa kwenda nje kwa nguvu ya takriban mara 110 ya uzito wake. Sensa ya gramu 12 inalivuta shina kama jiwe la kilo 1.3. Shina la mpira hupinda, hurudi, hupinda tena, na mwisho hupasuka pale linapoingia kwenye rimu. Upepo wote hutoka kwa mara moja, na kilichosababisha ni kifaa kilichowekwa ili kuzuia hilo.

Kwa hiyo weka mashina ya chuma ya kukazwa kwa nati, kwenye kila gurudumu na kwenye spea. Fundi wa matairi ataachanisha tairi na rimu upande mmoja, atatoa ya zamani na kukaza mpya. Mwambie asawazishe gurudumu upya sensa ikiwa tayari mahali pake.

Angalia pia metali. Sensa yenye thredi za shaba ikikaa miezi mingi kwenye shina la alumini, hasa kwenye unyevu na chumvi, hushikana nalo kwa kutu, na ukilazimisha kuifungua unavunja shina. Paka grisi kidogo ya silikoni kwenye thredi, na izungushe kila baada ya wiki chache wakati wa msimu wa safari.

Kupanga vikomo

Fanya kazi hii mezani, kabla hujaenda kwenye matairi. Ziandike sensa namba au herufi kwa wino usiofutika: kushoto mbele, kushoto nyuma, kulia mbele, kulia nyuma, spea.

Kikomo cha chini ndicho cha kufikiria. Mifumo mingi hutoka kiwandani ikiwa imepangwa kulia kwenye asilimia 10 au 15 chini ya upepo wa baridi. Chukua asilimia 10 ya psi 65: italia kwenye 58.5. Lakini tairi lako likiwa barabarani limepanda hadi 73. Ili lifike 58.5 linatakiwa lipoteze psi 14 na nusu, moja ya tano ya upepo lililokuwa nao. Mafundi wa matairi makubwa hulihesabu tairi lililotembea na upungufu wa asilimia 20 kuwa limetembea bila upepo, na hulivua kulikagua ndani. Ndiyo maana tunashauri kikomo cha chini kiwe asilimia 5, yaani psi 62 kwa tairi la 65, au 76 kwa tairi la 80. Ndiyo, alfajiri ya baridi kali inaweza kukulilia ukiwa hujaondoka. Mlio huo unakukumbusha ujaze upepo, na ni vizuri uupate ukiwa umesimama.

Kikomo cha juu: asilimia 25 juu ya upepo wa baridi, psi 81 kwa tairi la 65, 100 kwa la 80. Kupanda kwa asilimia 10 hadi 20 wakati wa safari ni kawaida, kwa hiyo kikomo cha asilimia 15 kitakulilia kila mchana wa joto hadi uzoee kukipuuza, na dereva aliyezoea kupuuza mlio hana mfumo tena.

Kikomo cha joto mara nyingi kimewekwa nyuzi 70 za Selsiasi. Kiache hapo. Kumbuka tu kwamba sensa ya nje inapigwa na upepo wa barabara na inasoma joto dogo kuliko lililopo ndani ya tairi, kwa hiyo usingoje ifike 70 ndipo ufikirie.

Kufunga, hatua kwa hatua

1. Alfajiri, trela likiwa limeegeshwa na kupakiwa, pima kila tairi kwa geji nzuri ya mkono na ujaze hadi kiwango cha kibandiko. Usisahau spea.
2. Kaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo cha mtengenezaji wa trela. Kwa boliti za nusu inchi, kipimo huwa kati ya Nyutoni-mita 122 na 163. Kama magurudumu yalivuliwa, rudia kukaza baada ya kilomita 16, 40 na 80.
3. Washa skrini, ingia kwenye kusajili, chagua nafasi, kisha funga sensa ya nafasi hiyo. Nyingi huamka zikigusa upepo na skrini hutoa mlio zikishatambuliwa. Sajili moja, hakiki, ndipo uende nyingine. Ukizifunga zote kwa pamoja, kushoto na kulia hubadilishana bila wewe kujua.
4. Kaza sensa kwa vidole. Koleo linabana oringi hadi inachanika.
5. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila shina, ukilowesha pale sensa inapokutana na valvu na pale shina linapoingia kwenye rimu. Tazama kwa dakika nzima. Uvujaji mdogo hauchemshi mapovu. Hutengeneza povu dogo jeupe linalokua taratibu kama uyoga, na mtu mwenye haraka huliacha.
6. Linganisha skrini na geji. Tofauti ya psi 1 au 2 ni ya kawaida. Sensa moja ikitofautiana na geji kwa psi 4 huku wenzake wakiwa sawa, ibadilishe. Ukiwa mlimani jua kwamba sensa nyingi hutoa hesabu kwa kudhani uko usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 geji ya mkono inaweza kusoma psi 3 zaidi ya skrini, na zote mbili ziko sawa.
7. Jaribu mlio. Fungua sensa moja ukiwa umemweka mtu kwenye kiti cha dereva. Kama hakusikia, au alisikia baada ya dakika kadhaa, umeligundua hilo mahali pazuri.
8. Endesha kilomita 10 huku abiria akiangalia kama tairi lolote linapotea kwenye skrini.

Mawimbi yakikatika, hasa trela likiwa refu kuliko mita 7 hivi au likiwa na mwili wa alumini, funga kikuza mawimbi. Mahali pake pazuri ni sehemu ya mbele ya trela au katikati, juu ya sakafu, mbali na masanduku ya chuma na betri. Kipe umeme wa volti 12 kupitia fyuzi, na ukipitishe kwenye swichi ili kisinyonye betri ya trela likiwa limeegeshwa.

Kusoma matairi ukiwa unakwenda

Baada ya dakika 30 hadi 45 za mwendo wa kawaida, matairi hufika joto lake la kazi na namba hutulia. Ziangalie hapo na uzishike kichwani, au abiria aziandike. Hizo ndizo namba za siku.

Tuseme ulianza na psi 65 kila mahali, na sasa skrini inaonyesha: kushoto mbele 73, kushoto nyuma 74, kulia mbele 72, kulia nyuma 68. Hakuna kilicholia. Hakuna kilicho karibu na kulia. Hata hivyo tairi la kulia nyuma linavuja. Limebeba mzigo ule ule, limepita lami ile ile, limepata joto lile lile, lakini halikupanda kama wenzake, kwa sababu kinachoongezeka kwa joto kinatoka kwa tundu. Simama kwenye kituo kinachofuata, ukague kashata kama kuna msumari, ulowanishe valvu kwa sabuni. Umelipata tairi likiwa bado na upepo mwingi kuliko lililoanza nao asubuhi. King'ora kingekuambia baadaye sana, pengine kilomita mia mbele.

Tofauti nyingine zina maelezo yasiyo na shari. Matairi ya upande wa jua husoma psi 2 au 3 zaidi na joto la juu zaidi. Ukigeuka uelekeo, tofauti hiyo huhama nawe. Mvua kubwa hushusha namba zote pamoja. Kupanda mlima mrefu huzipandisha zote pamoja. Neno la kushika ni *pamoja*: yanayotembea pamoja yana sababu ya nje, linalotembea peke yake lina sababu yake lenyewe.

Joto lina hadithi ya ziada. Tairi likiwa na upepo wa kawaida lakini joto lake linazidi jirani yake wa upande ule ule kwa nyuzi 10 au zaidi, shuku kilichopo nyuma ya rimu: breki inayogusa muda wote, au beringi iliyoishiwa grisi. Joto la habu, yaani kitovu cha gurudumu, husafiri kwenye rimu hadi kwenye shina la valvu. Sensa haikutengenezwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo ukisimama thibitisha kwa kipimajoto cha mwanga kwenye kila habu, dakika ile ile ya kusimama, kabla hazijapoa. Kama huna, sogeza mgongo wa mkono karibu na habu bila kugusa. Yenye ugonjwa utaijua.

Matairi yote yakipanda kupita asilimia 20, usitoe upepo. Tairi likipoa litakuwa na upungufu, na upungufu ndio uliozaa joto tangu mwanzo. Punguza mwendo, pumzisha trela, kisha rudi kwenye swali la mizani: pengine mzigo umezidi, au umekwenda kasi kuliko daraja la mwendo la tairi. Herufi baada ya namba ya mzigo ubavuni ndiyo inayosema: J ni kilomita 100 kwa saa, K ni 110, L ni 120, M ni 130.

Mlio ukilia

Onyo la uvujaji wa haraka, au namba inayoshuka mbele ya macho yako: ondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta taratibu, shika usukani imara, usikanyage breki kwa nguvu. Acha mwendo ushuke wenyewe, tafuta mahali tambarare na papana nje ya njia. Trela likianza kuyumba, breki ya trela peke yake, ikibanwa kidogo kwa kidhibiti cha mkono, hulinyoosha.

Upepo wa chini bila kushuka haraka: punguza mwendo hadi mahali salama pa karibu. Usiahirishe kwa sababu "bado kuna psi 55".

Sensa kutosikika: ichukulie kama tairi lisilojulikana. Simama upime kwa geji. Mara nyingi ni betri au mawimbi, lakini pia inaweza kuwa sensa imeng'oka pamoja na shina.

Kwenye trela la ekseli mbili, ukishabadilisha tairi lililoisha upepo, usiondoke hapo hapo. Jirani yake wa upande ule ule alibeba karibu mzigo wa wawili, na hujui kwa kilomita ngapi. Likague ubavu kwa mwanga wa tochi, upapase kwa kiganja ukitafuta uvimbe, kisha lipelekwe kuvuliwa na kukaguliwa ndani mapema iwezekanavyo. Matairi mengi ya pili hupasuka saa chache baada ya la kwanza kwa sababu hii. Na ukihamisha spea, isajili sensa yake kwenye nafasi mpya, la sivyo skrini itakuonya kuhusu tairi lisilo lenyewe.

Utunzaji

Betri bapa za sensa za nje, CR1632 au CR2032 kutegemea aina, badilisha zote kwa pamoja mwanzoni mwa msimu. Betri dhaifu hunyamaza kwanza kwenye baridi ya alfajiri kisha hufufuka mchana, na hilo hupoteza watu muda mwingi wakitafuta kosa kwenye kikuza mawimbi. Kagua oringi unapobadilisha betri. Yenye mikunjo au iliyokauka, itupe.

Epuka gundi za kuziba pancha zinazomiminwa ndani ya tairi kama una sensa za ndani, kwa sababu huziba tundu la kusomea. Ukilazimika kuitumia, mwambie fundi asafishe sensa tairi linapovuliwa.

Trela likienda kuegeshwa kwa miezi, toa sensa za nje, rudisha vifuniko vya kawaida, weka sensa kwenye kopo kavu zikiwa na herufi zake. Matairi yajaze hadi kiwango cha kibandiko na uyafunike jua. Siku ya kulitoa tena, anza na geji ya mkono. Sensa zije baada yake.